Makali Mapya kwa Patasi Nyembamba za Zamani

Patasi nyembamba ni ile ambayo makali yake hayazidi upana wa milimita 10 hivi. Katika zana za zamani, zilizopimwa kwa inchi, ukubwa huo huanzia thumuni ya inchi, ambayo ni milimita 3 na kidogo, hupitia robo inchi, na kuishia kwenye thumuni tatu. Ndiyo patasi inayochimba tundu la ulimi wa kiti, inayosafisha kona za droo, inayofika mahali ambapo patasi pana haiingii. Kwa kuwa kazi hizo ni za kila siku, ndiyo pia inayonolewa mara nyingi kuliko wenzake. Baada ya kupita mikono mingi kwa miaka arobaini au sitini, makali yake huwa yamepoteza umbo: yamekwenda upande, yamevimba tumbo, au yamefupishwa na gurudumu la umeme mpaka yanafanana na tindo ya mwashi.

Namna ya kuyarudishia umbo makali hayo ni swali lenye majibu yanayogongana. Fundi mmoja husema digrii 25 na si zaidi, mwingine 35. Mmoja huonya kwamba mashine itaunguza chuma, mwingine huona kwamba jiwe la mkono ni kupoteza siku nzima. Yupo anayetaka upande wa bapa ung'ae kama kioo kutoka makali hadi mpini, na yupo anayeona huo ni urembo tu. Kijana anayejifunza useremala Liuli, Mbamba Bay au Lituhi, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, aliyepewa patasi kuukuu na mzee wake, husikia yote hayo na kubaki hajui aanzie wapi. Ubishi huo una sababu zake, na nyingi zinatokana na kuichukulia patasi nyembamba kana kwamba ni patasi pana iliyopunguzwa tu.

Zana tatu chini ya jina moja

Neno patasi hubeba zana zisizofanana. Ya kwanza ni patasi ya kukwangua, iliyo nyembamba kwa upana na kwa unene, ndefu, ambayo husukumwa kwa kiganja na haipigwi nyundo. Ya pili ni patasi ya kawaida ya benchi, inayovumilia nyundo ya mti kwa kiasi. Ya tatu ni juba, patasi ya kuchimbia tundu, ambayo unene wake hupita upana: juba la robo inchi laweza kuwa na unene wa milimita 10 au zaidi. Juba hupigwa kwa nguvu, kisha hutumiwa kama mtaimbo mdogo kung'oa vipande kutoka ndani ya tundu.

Nusu ya ubishi inaanzia hapa. Pembe ndogo hupenya mbao kwa urahisi lakini huacha chuma kidogo nyuma ya makali. Pembe kubwa hudai nguvu zaidi, ila makali hayamenyeki. Kwa kukwangua mbao laini kama paini, digrii 20 hadi 25 zinatosha. Patasi ya benchi hukaa vizuri kati ya 25 na 30. Juba linalopigwa kwenye mninga au mkongo linataka 30 hadi 35 penye ncha kabisa. Anayetetea 25 na anayetetea 35 huenda wote wana haki, kila mmoja akiwa na patasi yake mkononi.

Mbao nazo zina neno. Mvule mara nyingine hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa, na makali ya digrii 25 yakigonga kijiwe hupata pengo papo hapo. Kuongeza pembe ni kinga ya kweli. Msaji una silika, ambayo haivunji makali bali huyasugua polepole mpaka yanaisha. Huko kuongeza pembe hakusaidii sana, na fundi anayefanya hivyo anaishia na patasi nzito kusukuma ambayo bado inawahi kuwa butu.

Kuipima pembe hakuhitaji kipimapembe. Uso wa mteremko unaotoka juu ya unene wa patasi hadi kwenye makali huitwa mshazari. Urefu wa mshazari ukiwa mara mbili ya unene wa patasi pale unapoanzia, pembe ni digrii 30 kamili. Ukiwa mara mbili na theluthi na chembe, ni 25. Ukiwa mara tatu kasoro kidogo, ni 20. Ukiwa mara moja na robo tatu, ni 35. Rula ya shule inatosha, na kipimo hiki hakidanganyi alimradi mshazari uko bapa. Kama umevimba, hesabu hutoa pembe ya wastani tu, na pembe halisi ya ncha huwa kubwa kuliko inavyoonekana.

Feleji na mahali inapoishia

Miji miwili ya Ulaya iliyojaza dunia patasi ni Sheffield ya Uingereza na Remscheid ya Ujerumani, na ufukwe wa Liuli ulikuwa na mlango wa kuelekea pande zote mbili. Wamisionari wa Kianglikana walioifanya Liuli kituo chao walikuwa na makao makuu kisiwani Likoma, ambako ujenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro ulianza mwaka 1903. Wajerumani nao waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na sanamu ile ya Misri. Meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo hapo kwa matengenezo, Agosti 1914, wakati meli ya Waingereza Gwendolen ilipokuja na kuipiga mzinga. Penye chelezo na misheni hapakosi kazi ya seremala na mhunzi. Upande wa bara, Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 walijenga karakana na kufundisha vijana ufundi kwa vizazi kadhaa.

Kwa anayenoa, hata hivyo, jina lililogongwa kwenye shina la patasi lina thamani ndogo kuliko jinsi chuma chenyewe kilivyoungwa. Feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni ya kutosha kushika makali, ilikuwa ghali. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman wa Sheffield aligundua namna ya kuiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo ili iwe sawasawa kote, na ndiyo maana patasi nyingi za karne iliyofuata zina maneno CAST STEEL. Ili kubana gharama, wahunzi waliunganisha kwa moto bamba jembamba la feleji chini ya mwili wa chuma laini. Bamba hilo halifiki mpinini. Na hata patasi zilizotengenezwa kwa feleji tupu zilitiwa matiko sehemu ya mbele tu. Karibu na shingo chuma kimeachwa laini makusudi, kisivunjike.

Maana yake ni kwamba patasi ya zamani ina akiba inayohesabika. Kila milimita inayosagwa ili kufuta pengo hairudi, na katika patasi iliyokwisha kupoteza theluthi mbili za urefu wake akiba hiyo yaweza kuwa vidole viwili tu. Kuijua ni rahisi. Mshazari ukisuguliwa mpaka ukang'aa, mstari wa muungo huonekana: upande wa makali una rangi moja, mwili wa juu rangi nyingine iliyofifia. Kisha tupa nzuri hupitishwa taratibu kwenye ubavu kuanzia ncha kwenda nyuma. Panapoteleza pana ugumu. Inapoanza kung'ata ndipo matiko yanapoishia. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ajabu ni jinsi kinavyorukwa.

Kipimo hicho hicho huamua hadhi ya patasi zilizotengenezwa na wahunzi wa hapa. Ile ya nondo haifai kusumbukiwa, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo mno kupokea matiko. Springi ya gari ina kaboni ya nusu asilimia na kidogo, hutoa makali ya kadiri lakini magumu kuvunjika, na kwa juba ni chuma kizuri kuliko sifa yake. Tupa kuukuu iliyogeuzwa patasi ina zaidi ya asilimia moja. Hukata vizuri mno, na isipolainishwa kidogo kwa moto hukatika kama kigae.

Wembamba unabadilisha nini

Patasi ya milimita 25 ikilazwa kwenye jiwe hujisimamia yenyewe; upana wake ni kama miguu iliyotanuliwa. Ya milimita 6 haina miguu hiyo. Mkono ukiegemea kushoto kidogo, patasi nzima inafuata, na makali yanaanza kwenda upande. Macho nayo hayasaidii: makali yaliyopinda kwa digrii 2 kwenye upana wa milimita 25 yana tofauti ya karibu milimita moja kati ya kona na kona, jambo linaloonekana hata bila skwea. Kwenye milimita 6 tofauti hiyo ni sehemu mbili za kumi za milimita, na hakuna anayeiona mpaka juba linapoanza kujizungusha ndani ya tundu na kuuacha ukuta wake umepinda.

Shinikizo nalo huongezeka. Mkono uleule ukikandamiza uso mdogo, chuma husagika haraka zaidi kuliko inavyodhaniwa, na jiwe laini huchimbwa mfereji. Jiwe la dukani lenye upande wa kukwaruza na upande wa kulainisha, likitumika kunolea visu na mapanga ya nyumba nzima, huwa limeliwa katikati. Patasi pana huweza kuupita ubonyefu huo bila madhara makubwa. Nyembamba inauingia mzima, na kutoka na umbo la bakuli lile lile.

Tatizo la tatu ni joto. Chuma kidogo hakina pa kulipeleka joto. Ncha ya patasi ya milimita 3 ikigusa gurudumu la umeme inaweza kugeuka buluu kabla fundi hajamaliza kuvuta pumzi, ilhali patasi pana, kwa kosa hilo hilo, ingepata joto la kuvumilika.

Rai ya gurudumu

Wanaotetea mashine wana hoja isiyopuuzika: muda. Kuondoa pengo la milimita 2 kwenye juba nene kwa jiwe la mkono ni kazi ya saa nzima au zaidi. Gurudumu hulimaliza kwa dakika. Aidha, gurudumu huacha bonde dogo katikati ya mshazari, na bonde hilo lina faida kwa patasi nyembamba kuliko kwa pana. Ukilazwa kwenye jiwe, mshazari hukaa kwa kingo mbili, ule wa nyuma na ule wa makali, na mkono unahisi mara moja patasi inapotulia. Tatizo la kuyumba hupungua.

Hatari zake ni joto na kina cha bonde. Gurudumu la milimita 150 kwenye mota ya kawaida, inayozunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, hupita kwenye makali kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde. Feleji ya zamani hupoteza ugumu wake kadiri rangi zinavyotembea juu ya uso. Rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi joto 220 hadi 230 za Selsiasi, bado ni salama kwa patasi nyingi, kwa kuwa ndiko zilikolainishwa kiwandani. Buluu, karibu na 300, ni hasara. Kuisugua rangi hiyo hadi ipotee kunaondoa ushahidi tu. Ulegevu uko ndani, na makali yatakunja kila yanapogonga mbao ngumu mpaka sehemu yote iliyoungua isagwe.

Kuhusu kina, hesabu inafungua macho. Mshazari wa milimita 14, ambao ni wa patasi ya benchi yenye unene wa milimita 6 kwa digrii 25, hupata bonde la theluthi moja ya milimita kwenye gurudumu la 150, si kitu. Juba la unene wa milimita 10 lililonolewa kwa digrii 20 lina mshazari wa milimita 29, na gurudumu hilo hilo hulichimba bonde la karibu milimita moja na nusu. Chuma hicho kimetolewa nyuma ya makali, mahali ambapo juba linategemea nguvu linapopigwa na kubenuliwa. Hivyo zana inayoonekana nene na imara kuliko zote ndiyo inayodhurika zaidi na gurudumu dogo.

Wenye busara miongoni mwa watetezi wa mashine hupunguza hatari hizo. Gurudumu huchanwa upya ili litoe chembe kali badala ya kusugua, hupewa mbinuko kidogo ili liguse sehemu ndogo kwa wakati, na patasi huchovywa majini kila baada ya mguso mmoja au miwili, kabla haijawa moto kwa kidole. Mashine ya kuzungushwa kwa mkono huondoa karibu hofu yote ya joto, haidai umeme, na kwa karakana ya ufukweni ni chombo kinachostahili heshima kuliko kinavyopewa. Grenda ya mkononi, inayotumika kukata mageti, haina nafasi kabisa katika kazi hii.

Rai ya jiwe na uso bapa

Upande wa pili unasimama na jiwe la mkono: mshazari mmoja, bapa, kutoka nyuma hadi makali. Hakuna joto, hakuna bonde, na kila kiasi cha chuma kinachotoka kinaonekana. Gharama ni ndogo. Msasa wa maji uliobandikwa juu ya kipande cha kioo, kuanzia namba 180 au 240 kwa kuumba hadi 1000 kwa kumalizia, hufanya kazi nzuri, na kioo hakiliki katikati. Jiwe lililobonyea hurudishwa kwa kusuguliwa juu ya sakafu ya saruji iliyomwagiwa mchanga na maji.

Udhaifu uko pawili. Wa kwanza ni kuyumba kulikoelezwa, na vishikizo vyenye gurudumu vinavyouzwa kwa ajili ya kunolea havisaidii sana, maana vingi vimeundwa kwa patasi pana na huiachia nyembamba izunguke kati ya meno yake. Seremala anaweza kujitengenezea kipande cha mbao ngumu chenye mfereji wa upana wa patasi ile ile na uso uliokatwa kwa pembe inayotakiwa. Ni kazi ya nusu saa na hutumika miaka. Njia nyingine ni kunoa kwa kwenda ubavu, patasi ikisukumwa kulia na kushoto sambamba na makali, badala ya mbele na nyuma. Mwendo huo huupa mkono uthabiti, ingawa huacha mikwaruzo inayofuata makali, ambayo lazima ifutwe mwishoni kwa mipigo michache ya kuvuta.

Udhaifu wa pili ni kwamba mshazari mzima wa feleji na chuma lazima usagwe kila mara, hata pale ambapo milimita moja ya mbele ndiyo pekee iliyo butu. Ndiyo sababu wengi huongeza mteremko mdogo wa pili kwenye ncha. Mshazari mkuu hukaa digrii 20 au 25, na ncha huinuliwa hadi 30 au 35 kwa mipigo kumi tu. Majuba ya kale yalinolewa kwa mpango huo: mteremko mrefu wa kupenyeza, na ncha fupi nene ya kustahimili kipigo. Kasoro ni kwamba mteremko wa pili hukua kila unaponolewa, na asiyekuwa na subira ya kuurudisha nyuma ule mkuu hujikuta baada ya mwaka ana patasi ya digrii 35 kote.

Rai ya tumbo

Rai ya tatu hudharauliwa na vitabu lakini inaishi karakanani. Patasi hunolewa kwa mkono mtupu. Mpini huinuka na kushuka kidogo kila mpigo, na mshazari hupata tumbo. Watetezi wake husema tumbo huacha chuma kingi nyuma ya makali, kinyume kabisa na bonde la gurudumu, na kwamba kwenye juba tumbo ni egemeo zuri wakati wa kubenua vipande. Ni kweli. Juba lenye tumbo la wastani hutoka tundu kwa wepesi kuliko lenye mshazari bapa wenye kona kali mgongoni.

Lakini tumbo la kukusudia na tumbo la uzembe hutofautiana. La kukusudia huanza chini ya pembe inayotakiwa na kuifikia kwenye ncha bila kuipita: mpini hushuka zaidi kuliko unavyopanda. La uzembe hupanda tu. Kila mara fundi anapotaka kuyafikia makali haraka huinua mpini kidogo, na digrii 30 huwa 35, kisha 40, mpaka patasi inaponda mbao badala ya kukata. Patasi nyingi za zamani zinazosemwa kuwa chuma chake kimechoka zina ugonjwa huu tu. Kwa patasi ya kukwangua, tumbo halina utetezi, kwa sababu zana hiyo pia hutumika ikiwa imelazwa kwa mshazari wake, na uso uliovimba hauiongozi popote.

Upande wa bapa na ubavu

Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso wa pili, ule wa bapa, ndio unaopuuzwa au kutukuzwa kupita kiasi. Kwenye patasi ya kukwangua bapa ndiyo rula inayoiongoza zana kando ya ukuta wa tundu, kwa hiyo inapaswa kuwa sawa kwa urefu mkubwa. Kwenye juba sentimita mbili au tatu za mbele zinatosha. Kung'arisha hadi mpinini hakukati chochote.

Kutu ndiyo inayoleta utata. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, kwa hiyo patasi za Liuli hazina ule ugonjwa wa chumvi unaotafuna vyuma vya Unguja na Lamu. Kutu yao ni ya unyevunyevu wa masika na ya kulala kwenye sanduku bila mafuta. Hata hivyo huacha vishimo. Kishimo kilicho mbali na makali hakina dhara leo. Kikishafikiwa na makali huwa pengo. Kusaga bapa yote mpaka kishimo kiishe hula bamba la feleji kwa unene, na bamba hilo huwa na milimita chache tu; kurudisha makali nyuma hulila kwa urefu, sehemu ambayo kwa kawaida bado ina akiba zaidi. Kwa vishimo vilivyotawanyika, njia ya pili ina hasara ndogo. Wapo wanaoinua bapa kidogo juu ya rula nyembamba ili wanoe ukingo tu. Hila hiyo ni ya blade za randa. David Charlesworth wa Uingereza, aliyeieneza, hakuipendekeza kwa patasi, kwani huharibu rula yenyewe.

Ubavu ni hadithi fupi. Patasi ya kusafisha kona za viungo vya mkia hutaka ubavu mwembamba unaoingia chini ya mteremko wa mkia, na baadhi ya mafundi husaga pande za patasi nene ili kuipata. Inafaa kwa patasi ya benchi. Juba lisiguswe ubavu: ndio unaolizuia kujizungusha tunduni, na mengi ya zamani yalifuliwa yakiwa mapana chembe upande wa bapa kuliko mgongoni ili yasing'ang'anie.

Feleji iliyolegea

Patasi iliyoungua sana inaweza kurudishwa matiko na mhunzi wa mkaa. Ncha hupashwa hadi iwe nyekundu ya kung'aa na sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, isiikamate tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi joto 770. Huchovywa kwenye mafuta, husuguliwa mpaka chuma kionekane, kisha hupashwa taratibu kutoka nyuma hadi rangi ya majani makavu ifike kwenye makali, na kupozwa hapo hapo. Kwa patasi ya springi au tupa ni kazi ya kawaida. Kwa ile iliyoungwa bamba, vyuma viwili hujikunja kwa viwango tofauti, na nyembamba ndefu hutoka ikiwa imepinda kama ndizi au na ufa. Kama nyuma ya sehemu iliyoungua bado kuna feleji ngumu, kusaga hadi kuifikia ni salama kuliko moto.

Uzito wa kila rai

Rai hizi hazilingani uzito. Inayodai gurudumu ina nguvu pale tu ambapo kuna chuma kingi cha kuondoa na patasi ni ya unene wa kawaida. Kwa patasi ya thumuni ya inchi hatari yake inazidi faida, na kwa juba nene kina cha bonde kinaipunguzia hoja. Rai ya jiwe ndiyo inayofaa patasi nyingi nyembamba za zamani, kwa sababu kosa lake ni la polepole na hurekebishika, ilhali kosa la joto halirekebishiki bila kupoteza urefu. Rai ya tumbo inafaa juba, katika mikono inayojua inapoishia.

Muhimu kuliko uchaguzi wa njia ni mfuatano wa maamuzi. Kwanza tupa, kujua feleji imebaki kiasi gani. Pili, kazi ya patasi hiyo, maana ndiyo inayotoa pembe. Tatu, makali husagwa wima kwanza, bila mteremko, mpaka pengo liishe na skwea ikubali. Hapo ncha ni butu na nene, haiungui kirahisi. Ndipo mshazari huundwa hadi mstari unaong'aa kwenye ncha ubaki mwembamba kama unywele, na sehemu hiyo ya mwisho hufanywa kwa jiwe hata na mwenye mashine. Mteremko wa pili huongezwa kama kazi ni ya nyundo. Mwisho, kile kikunjo chepesi cha chuma kinachohisiwa na kidole upande wa bapa huondolewa kwa kulaza bapa kwenye jiwe laini na kumalizia kwa ngozi.

Patasi ambayo tupa imeng'ata hadi nchani, bamba lake likiwa limekwisha, haina umbo la kurudishiwa. Shina lake bado linafaa kukwangulia gundi kavu na kufungulia makopo ya rangi.